Raia kwa Masharti: Ufaransa, Waislamu na Swali la Mwaka 1865

Kwenye dawati la habari za kimataifa ninapofanyia kazi kuna neno moja linanisumbua kila wiki: mhamiaji. Habari inaingia kutoka shirika kubwa la habari la Ulaya, inazungumzia kijana wa Lyon au Marseille. Kijana huyo kazaliwa pale pale. Mama yake naye kazaliwa pale pale. Babu yake mzaa baba alivaa sare za jeshi la Ufaransa na kupigana vita vya Ufaransa. Lakini katika habari, kijana bado ni "mhamiaji Mwislamu", au kwa lugha ya kistaarabu zaidi, "mwenye asili ya uhamiaji". Mtu huacha lini kuwa mhamiaji? Baada ya vizazi vingapi?

Halafu mjadala unafuata ngoma ile ile. Je, Waislamu wanaweza kuwa raia kamili wa Ufaransa? Wanayakubali maadili ya Jamhuri? Hijabu je? Minara ya misikiti je? Wengi wetu tunadhani mambo haya yalianza Septemba 11, 2001. Wanaofuatilia zaidi watakwambia yalianza mwaka 1989, pale mabinti watatu walipofukuzwa shule kwa sababu ya mitandio. Mimi nitakupa tarehe nyingine kabisa: 14 Julai 1865. Na mahali si Paris, ni Aljeria. Naomba subira yako, ndugu msomaji, maana ni safari ndefu kidogo.

Wafaransa waliiteka Algiers Julai 1830. Katika hati ya kusalimu amri, Jenerali de Bourmont aliahidi kwamba dini ya wenyeji, mali zao na biashara zao havitaguswa. Ahadi hiyo haikukaa sana. Ardhi ilichukuliwa, misikiti mingine ikageuzwa makanisa, na mwaka 1848 katiba ya Ufaransa ikatamka kwamba Aljeria ni ardhi ya Ufaransa. Siyo koloni kama Tanganyika ilivyokuwa kwa Wajerumani. Ardhi ya Ufaransa, iliyogawanywa katika mikoa kama ilivyogawanywa Ufaransa yenyewe.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kama ardhi ni ya Ufaransa, wanaoishi juu yake ni akina nani?

Jibu lilitolewa na serikali ya Napoleon wa Tatu siku ile ya Julai 1865, kwa sheria iliyoitwa kwa Kifaransa sénatus-consulte. Ilisema hivi kwa ufupi: mwenyeji Mwislamu ni Mfaransa, lakini ataendelea kutawaliwa na sheria za Kiislamu. Akitaka kuwa raia mwenye haki zote, aombe. Akikubaliwa, atatawaliwa na sheria za Ufaransa.

Soma tena. Mwislamu wa Aljeria alikuwa Mfaransa, lakini hakuwa raia. Utaifa anao, uraia hana. Anaweza kupelekwa jeshini, anaweza kutozwa kodi, lakini kura ya kumchagua mbunge wa Paris haimhusu. Ili awe raia ilimbidi aombe mwenyewe, tena akiacha sheria zake za ndoa, talaka na mirathi.

Watawala walikuwa na hoja yao, na haifai kuidharau. Walisema raia wote lazima watawaliwe na sheria moja ya familia. Walitaja mitala, mume kutoa talaka peke yake, baba kumuoza binti bila ridhaa yake, na mwanamume kupata fungu kubwa katika mirathi. Mambo haya, walisema, hayapatani na sheria ya Ufaransa. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba maneno hayo unayajua. "Maadili ya taifa" ya leo ni mtoto wa "sheria ya hadhi binafsi" ya mwaka 1865. (Tukumbuke tu kwamba mwanamke wa Kifaransa wa wakati huo naye hakuwa na kura, wala asingekuwa nayo hadi mwaka 1944. Usawa wa jinsia uliokuwa ukitetewa Algiers ulikuwa bado haujafika Paris.)

Waislamu wangapi waliomba? Katika miaka 50 ya mwanzo, hawakufika hata 2,500 waliokubaliwa. Kati ya mamilioni! Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba kwa Mwislamu wa Aljeria, kuiacha sheria ya familia ya Kiislamu kulionekana kama kuritadi. Mwacha asili ni mtumwa, sisi tunasema, na wao walikuwa na maneno yao makali zaidi kwa mtu aliyegeuka hivyo. Jirani zako watakutenga, na siku ukifa watabishana uzikwe makaburi gani. Sababu ya pili ni kwamba hata aliyeomba alikutana na maofisa wasiotaka kumpa. Mlango ulikuwepo, lakini mlinzi wake alikuwa amelipwa asiufungue.

Sasa angalia wenzao. Oktoba 24, 1870, kwa amri moja iliyobeba jina la Waziri wa Sheria Adolphe Crémieux, Wayahudi wa Aljeria wapatao 35,000 walifanywa raia kwa mkupuo. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeulizwa. Kabla ya siku hiyo nao walikuwa na sheria zao za ndoa na mirathi, na sheria ya 1865 iliwaweka kundi moja na Waislamu. Mwaka 1889 ikaja sheria nyingine: watoto wa wageni waliozaliwa kwenye ardhi ya Ufaransa wawe Wafaransa. Kwa sheria hiyo watoto wa wavuvi wa Kihispania, wa mafundi wa Kiitaliano na wa wachuuzi wa Kimalta waliozaliwa Oran au Algiers wakawa raia. Wengine hata Kifaransa kilikuwa kinawapiga chenga. Mwislamu ambaye babu wa babu yake kazaliwa pale akabaki nje.

Kwa hiyo mgeni akawa mwenyeji na mwenyeji akawa mgeni, kwao.

Na juu ya hayo kulikuwa na kanuni maalumu za wenyeji, zilizopewa nguvu ya sheria mwaka 1881. Kwa kanuni hizo ofisa wa serikali aliweza kumtia mtu ndani au kumtoza faini kwa makosa ambayo kwa raia hayakuwa makosa: kutoka eneo lako bila kibali, kumkosea adabu mkubwa. Kwa sisi wa Afrika Mashariki tulioelezwa na wazee habari za kipande, hatuhitaji maelezo zaidi.

Utasema, basi, shida ilikuwa ni zile sheria za ndoa. Mwislamu angeacha Uislamu tu, mambo yangenyooka. Ngoja nikupe kisa kimoja ambacho ndicho kilichonifanya nianze kuandika makala hii. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufaa ya Algiers iliulizwa: mwenyeji aliyebatizwa, ambaye sasa ni Mkristo, bado anahesabiwa Mwislamu? Mahakama ikajibu ndiyo. Ikasema neno "Mwislamu" halina maana ya dini peke yake. Linamaanisha kila mtu mwenye asili ya Kiislamu ambaye hajapewa uraia, awe anafuata dini hiyo au hafuati.

Yaani kisheria kulikuwa na Mwislamu Mkristo! Hapo dini haikuwa tena imani. Ilikuwa nasaba. Ilikuwa damu, iliyovishwa kanzu ya dini. Na mimi nasema ukitaka kujua kama mtu anayezungumzia "maadili" anazungumzia maadili kweli, muulize swali la mahakama ile: je, huyu unayemtilia shaka akiyakubali yote unayoyataka, utamhesabu kuwa mwenzako? Akisitasita, basi jambo ni jingine.

Tena Ufaransa hiyo hiyo ilijua kufanya vingine ilipotaka. Kule Senegali, wenyeji wa miji minne, yaani Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, walikuwa wakipiga kura tangu karne ya 19. Mwaka 1914 walimchagua Blaise Diagne, Mwafrika mweusi, awe mbunge wao Paris. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inawaka na Ufaransa ilihitaji askari. Diagne akatumia nafasi hiyo. Kwa sheria ya Septemba 29, 1916, wenyeji wa miji ile na watoto wao wakatamkwa kuwa raia wa Ufaransa, huku Waislamu wakibaki na makadhi wao na sheria zao za ndoa na mirathi. Bunge la Paris lilipitisha. Jamhuri haikuanguka. Kumbe kitu kilichosemwa Algiers kuwa hakiwezekani kiliwezekana Dakar, katika himaya ile ile.

Tofauti ilikuwa nini? Hesabu. Miji minne ya Senegali ilikuwa na watu wachache. Aljeria ilikuwa na mamilioni ya Waislamu, na walowezi waliopiga hesabu ya kura wakaona wazi kwamba siku Mwislamu akiwa raia kamili, wao ni wachache. Hoja ilivaa joho la maadili, lakini chini ya joho kulikuwa na sanduku la kura.

Waaljeria zaidi ya 170,000 waliingia jeshini katika vita ile, na wapatao 25,000 walikufa. Paris ikawashukuru kwa namna yake. Julai 1926 Rais Gaston Doumergue alifungua Msikiti Mkuu wa Paris, mnara wake ukionekana kutoka kingo za mto Seine. Serikali ilitoa faranga 500,000 kusaidia ujenzi, ingawa kulikuwa na sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na dola. Maimamu wa leo wanaoambiwa kwamba Uislamu ni kitu cha juzi Ufaransa wana haki ya kuutaja mnara huo.

Na tukigusa sheria hiyo ya 1905, ambayo leo ndiyo msahafu wa mjadala wote, kuna kichekesho kingine. Sheria ilisema dola isilipe wala kusimamia dini yoyote. Aljeria ilipelekewa kwa amri ya mwaka 1907, ikiwa na matundu, na kwa Waislamu ikabaki kwenye karatasi. Serikali iliendelea kulipa na kuteua maimamu kwa sababu ilitaka kujua nini kinasemwa kwenye mimbari. Jumuiya ya Maulamaa, iliyoundwa mwaka 1931 chini ya Sheikh Abdelhamid Ben Badis, ikawa inadai nini? Inadai dini itenganishwe na serikali! Masheikh wanaililia sheria ya 1905, na dola ya kisekula inawanyima. Nikisikia leo mtu akisema Waislamu kwa maumbile yao hawawezi kuelewa utengano wa dini na dola, huwa nawakumbuka masheikh wale.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake ni muhtasari wa habari yote hii. Anaitwa Ferhat Abbas, mfamasia wa mji wa Sétif. Kijana msomi, Kifaransa kinatiririka, anaamini misingi ya Mapinduzi ya 1789 kuliko Wafaransa wengi. Mwaka 1936 aliandika kwamba amelitafuta taifa la Aljeria katika historia na hakuliona, na kwamba mustakabali wake ni Ufaransa. Alitaka kitu kimoja: awe raia kamili bila kulazimishwa kumkana baba yake.

Mwaka huo huo serikali ya Léon Blum ikaleta muswada. Wasomi, wanajeshi wenye nishani na viongozi wachache, jumla yao kama 21,000 tu, wapewe uraia wakiwa na sheria zao za Kiislamu. Elfu ishirini na moja! Mameya wa walowezi wakatishia kujiuzulu kwa pamoja. Muswada ukakaa kwenye makabati ya bunge hadi ukafa mwaka 1938, bila hata kujadiliwa.

Abbas hakukata tamaa. Vita ya pili ilipoanza 1939, alijitolea jeshini. Ufaransa ikashindwa, na serikali ya Vichy ikaonyesha jinsi uraia wa masharti unavyoweza kufutwa: Oktoba 7, 1940 iliifuta amri ya Crémieux. Wayahudi wa Aljeria zaidi ya 100,000, ambao walikuwa raia kwa miaka 70, waliamka asubuhi wakiwa wenyeji tu. Mwanafalsafa Jacques Derrida, ambaye wengi tulisomeshwa jina lake chuoni, alikuwa mmoja wa watoto waliofukuzwa shule kwa sababu hiyo. Uraia wao ulirudi Oktoba 1943. Hawakuwa wamekosa lolote, wala kuikataa tamaduni ya Ufaransa. Walikuwa wamefanya yote waliyoambiwa.

Mei 8, 1945, siku Ulaya ilipokuwa ikicheza kushangilia kushindwa kwa Hitler, Waislamu wa Sétif walitoka barabarani, na baadhi yao wakabeba bendera ya Aljeria. Polisi wakafyatua risasi. Wazungu wapatao 100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, kisha jeshi na wanamgambo wa walowezi wakaua Waaljeria kwa maelfu. Ferhat Abbas alikamatwa siku hiyo hiyo Algiers, alikokuwa amekwenda kumpongeza gavana kwa ushindi.

Baada ya hapo sheria zilikuja, lakini zilikuja zikichechemea. Mwaka 1946 watu wote wa makoloni wakaitwa raia. Mwaka 1947 Aljeria ikapewa baraza lake lenye wajumbe 120: viti 60 kwa jamii ndogo ya Wazungu na raia wachache wenye hadhi kama yao, viti 60 kwa Waislamu waliokuwa wengi mara nyingi zaidi. Kisha uchaguzi wa 1948 ukaibiwa waziwazi. Sisi wasomaji wa Afrika Mashariki uchaguzi wa namna hiyo hatuhitaji kuelezwa.

Novemba 1, 1954 vita vya uhuru vikaanza. Mwaka 1956 Ferhat Abbas alijiunga na wapiganaji. Septemba 1958 akawa rais wa kwanza wa serikali ya muda ya Aljeria huru, akiwa uhamishoni. Mtu aliyelitafuta taifa la Aljeria asilione ndiye aliyekuja kuliongoza. Waliomtengeneza ni wale waliomfungia mlango.

Katikati ya vita hiyo ndipo mtandio unapoingia. Mei 1958, mbele ya umati katika uwanja mkuu wa Algiers, wanawake wa Kiislamu walipandishwa jukwaani, wakavuliwa au wakavua shela zao, watu wakipiga makofi. Ilikuwa ishara kwamba sasa Aljeria ni Ufaransa. Frantz Fanon, daktari na mwandishi kutoka Martinique, aliandika mwaka uliofuata jinsi kitambaa kile kilivyogeuzwa uwanja wa vita: mkoloni anataka kukivua ili aishinde nchi, na mwanamke ambaye pengine angekivua kwa hiari yake anakivaa kwa ukaidi. Katika ugomvi huo, mwanamke mwenyewe aliulizwa na nani? Ni haki kuongeza kwamba mwaka huo huo wanawake wa Kiislamu walipata kura, na Januari 1959 Nafissa Sid Cara, Mwaljeria, akaingia katika serikali ya Paris. Usawa ulifika kweli. Ulifika umechelewa, ukiwa umeshika bunduki.

Na hata ulipofika, haukuingia mitaani. Oktoba 5, 1961, mkuu wa polisi wa Paris, Maurice Papon, aliwataka Waaljeria wasitembee kuanzia saa 2:30 usiku hadi 11:30 alfajiri. Kumbuka kwamba wakati huo kisheria hawa walikuwa raia. Jina lao rasmi lilikuwa "Wafaransa Waislamu wa Aljeria". Raia gani wa Ufaransa mwingine aliandikiwa saa za kulala kwa dini yake? Oktoba 17 wakaandamana kwa amani. Polisi wakaua makumi ya watu, na wako wanahistoria wanaosema zaidi ya 100. Baadhi ya maiti zilitupwa Seine. Papon alikuja kuhukumiwa mwaka 1998, lakini kwa kosa jingine: kushiriki kuwasafirisha Wayahudi wa Bordeaux kwenda kwenye kambi za Wanazi. Ofisa yule yule, kwanza Wayahudi, baadaye Waaljeria.

Uhuru ulikuja Julai 1962. Mzungu wa Aljeria aliyekimbilia Ufaransa alibaki raia bila kujaza fomu. Mwislamu, hata yule aliyepigana upande wa Ufaransa, yaani harki, ilimbidi aende mbele ya ofisa atamke kwamba anataka kubaki Mfaransa. Wengi waliwekwa kwenye makambi kama Rivesaltes. Mpaka mwisho, mmoja ni raia kwa kuzaliwa, mwingine ni raia kwa kuomba.

Sasa ukiyaweka haya mezani, habari za miaka ya karibuni zinasomeka tofauti. Mwaka 1989 mabinti watatu wa Creil wanafukuzwa shule. Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, linasema kuvaa alama ya dini peke yake si kosa. Mwaka 1993 sheria inawataka watoto wa wageni waliozaliwa Ufaransa watamke, kati ya miaka 16 na 21, kwamba wanataka uraia, inafutwa 1998. Mwaka huo huo Zidane, mtoto wa Mkabylia aliyehamia Ufaransa mwaka 1953, anafunga magoli mawili ya kichwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na uso wake unamulikwa kwenye lango kuu la Champs-Élysées. Mwaka 2004 hijabu inapigwa marufuku katika shule za serikali pamoja na alama nyingine kubwa za dini. Mwaka 2010 nikabu inakatazwa barabarani. Mwaka 2021 inakuja sheria ya kuimarisha heshima kwa misingi ya Jamhuri.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba hofu ya Wafaransa si ya kubuni: Novemba 13, 2015 watu 130 waliuawa Paris kwa usiku mmoja, na Oktoba 2020 mwalimu Samuel Paty alichinjwa kwa kuonyesha katuni darasani. Ni kweli tupu, na nchi yoyote ina haki ya kujilinda na kuwalinda walimu wake. Najua pia kwamba wapo wanawake wa Kiislamu, pale Ufaransa na hata Aljeria, waliounga mkono sheria ya 2004 kwa moyo wote, kwa sababu walijua maana ya kulazimishwa kuvaa. Hao tusiwafute. Na nchi kutaka sheria moja ya ndoa kwa raia wote si dhambi. Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 ilichagua kutambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, Ufaransa ilichagua vingine. Kila nchi ina chaguo lake.

Ninachobishania ni kingine. Kuna tofauti kati ya kumwambia raia "hii ndiyo sheria, itii" na kumwambia "thibitisha kwamba unastahili kuwa mwenzetu". La kwanza linamhusu kila mtu. La pili linamhusu mmoja tu, na halina mwisho, kwa sababu mtahini ndiye anayebadilisha mtihani. Ahmed Merabet, polisi aliyepigwa risasi barabarani Januari 7, 2015 na wauaji wa Charlie Hebdo, alikuwa Mwislamu mwenye wazazi kutoka Aljeria. Angethibitisha kwa nini tena zaidi ya hapo?

Baada ya Novemba 2015, Rais François Hollande alitaka katiba iruhusu kumvua uraia mtu aliyezaliwa Mfaransa, akiwa na uraia wa nchi ya pili na amehukumiwa kwa ugaidi. Hakuna aliyelilia magaidi. Swali lilikuwa: kwa nini Wafaransa wawili waliozaliwa hospitali moja, wakitenda kosa moja, mmoja abaki Mfaransa gaidi na mwingine awe gaidi wa kigeni? Waziri wa Sheria Christiane Taubira alijiuzulu Januari 2016. Machi mwaka huo Hollande aliuondoa mswada. Kivuli cha 1865 kilikuwa kimepita bungeni, na safari hii wengi walikitambua.

Mwisho nataka nikulete karibu na nyumbani. Katika bahari yetu hii, jirani na Komoro, kuna kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyewe wanakiita Maore. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na waliokulia Unguja na majirani Wangazija wataelewa nusu ya salamu. Wakazi karibu wote ni Waislamu. Komoro ilipojitangazia uhuru Julai 1975, Mayotte ilikataa kwenda nayo. Mwaka 2009 zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walitaka kisiwa kiwe mkoa kamili wa Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa. Kwa ajili hiyo walikubali mengi: mitala ilizuiwa kwa wanaofikia umri wa kuoa kuanzia 2005, na mwaka 2010 makadhi wakavuliwa kazi ya kuhukumu. Miaka kwa miaka walikuwa raia wa Ufaransa wakiwa na makadhi wao, kama watu wa Dakar, na hakuna aliyesema Jamhuri imevunjika.

Lakini kwa watoto wa majirani zao wanaovuka kwa mashua kutoka Anjouan, mlango umekuwa ukibanwa. Mwaka 2018 sheria ilisema mtoto wa wageni aliyezaliwa Mayotte hawezi kuupata uraia baadaye mpaka mzazi mmoja awe alikuwa na kibali cha kuishi kwa miezi 3 kabla hajazaliwa. Mei 2025 ikawa wazazi wote wawili, na mwaka mzima. Kwingine Ufaransa sharti hilo halipo. Na wengi waliolidai ni Wamaore wenyewe, Waislamu, wakiwakataa Waislamu wenzao wa ukoo mmoja.

Hapo kuna somo ambalo halimpendezi yeyote. Anayesema tatizo la Ufaransa ni Uislamu aende Mayotte, atakuta Waislamu wanaoipenda bendera ya rangi tatu kuliko watu wa Paris. Na anayesema kila kitu ni chuki ya Mzungu kwa Uislamu aende Mayotte pia, atakuta Mwislamu amesimama mlangoni akimuuliza Mwislamu mwenzake vyeti vya wazazi. Dini, maadili, hadhi binafsi: haya ni majina tunayolipa swali la zamani kuliko yote, la nani agawane nini na nani. Aljeria ilichukua miaka 97, tangu 1865 hadi 1962, kujibu swali hilo vibaya, na makaburi yake bado yanahesabiwa.